Klipu moja inauza vitu viwili, na sisi tunasimama nyuma

Wandugu watumikaji, na ninyi wa mama wa kampi,

Tuanze na gante. Siku moja, mbele jua halijapanda, kampani yenye tunatumikia iliita timu ya asubui tukusanyike karibu na karieri. Tulipewa kaske mpya, gante mpya, na bote zenye zilikuwa zingali na harufu ya duka. Tulifurahi. Tuliwaza kama ile barua yenye sendika iliandika tangu zamani imepata jibu. Kumbe hapana. Muimbaji mumoja wa muji wetu alikuwa anakuja kufanya klipu. Sisi tulipaswa kusimama nyuma yake, kuinua mikono na kucheka. Yeye anaimba mbele, na nyuma yetu sisi kuko kamyo kubwa yenye jina la kampani. Tulirudilia vile mara saba ao nane, jua linatupiga. Magaribi chef mumoja alipita na mifuko: “Murudishe gante.” Tulirudisha. Kaske na bote pia. Kesho yake tulivaa zile za zamani, zenye vidole vinatokea inje.

Kwa mukutano wa sendika tulibishana sana juu ya siku ile. Wengine walisema ni heshima, muji wetu unaonekana. Wengine walisema ni wizi. Papa mumoja mwenye alitumika myaka mingi kwa fonderi alituacha tupige makelele, kisha akasema: “Hii haiko mambo mpya. Muulize Schwarzenegger.” Watu walicheka. Lakini papa alikuwa na haki, na njo ile tunataka kufasiria hapa. Mutu akitaka kuelewa klipu ya kwetu, aangalie kwanza wale wenye walijua kazi hiyo muzuri: orkestre za rock na watu wa filme za vita kule Marekani.

Wengi kati yetu wenye tuko na myaka makumi ine na zaidi, tulikomalia kwa sale za video. Mulikumbuka? Benchi za mbao, televizyo moja, kaseti yenye inakwaruza, na mwenye sale anafunga mulango kama mutoto hajalipa. Mule njo tulijua Rambo, Commando, na Terminator. Na mule njo tuliona klipu ya Guns N' Roses, yenye jina You Could Be Mine. Hatukujua Kingereza. Tulisoma ile neno la mwisho, “mine”, tukasema: aah, ni wimbo wa watu wa mugodi! Mukubwa mumoja mwenye alifika Kitwe akatuambia hapana, kwa Kingereza neno ile moja linasema mugodi, lakini pia linasema “yangu”. Tulicheka siku ile. Leo hatucheki sana, juu tumeona kama swali ni lile lile: mugodi ni wa nani, na kile chenye kinatoka mule ni cha nani?

Turudie kwa klipu. Ilitoka mu 1991, wakati filme Terminator 2 ya James Cameron ilikuwa inaingia kwa sinema za Marekani, mwanzo wa mwezi wa 7. Ndani ya klipu, orkestre iko inapiga muziki mbele ya watu wengi. Kati ya ile muziki munaona vipande vya filme: moto, pikipiki, bunduki. Halafu munaona Schwarzenegger yeye mwenyewe, na ile nguo yake nyeusi ya ngozi na miwani, anakuja kutafuta orkestre kama vile ametumwa kuiua. Mwishoni anasimama mbele yao, anawapima mumoja mumoja na macho yake ya mashine, na anaona kama kupoteza risasi juu yao haina faida. Ni mucheko tu. Na ndani ya filme, wimbo ule ule unasikika wakati kijana John Connor iko na pikipiki yake.

Muangalie ile akili. Filme iko na wimbo ndani yake, na wimbo uko na filme ndani yake. Kijana mwenye anapenda Guns N' Roses, hata kama hakuwaza kwenda sinema, anaona Schwarzenegger kwa klipu na anataka kujua hadisi inamalizika namna gani. Kijana mwenye anapenda Schwarzenegger, hata kama hakusikia rock siku hata moja, anatoka sinema na ile ngoma kwa masikio. Filme ilikuwa imekula karibu milioni 100 za dola, ilipaswa kurudisha franga. Orkestre nayo ilikuwa inatayarisha albamu mbili kubwa kwa mwezi wa 9 wa mwaka ule ule, Use Your Illusion I na II, na wimbo ule uliingia kwa ile ya pili. Kila mumoja alileta watu wake kwa soko ya mwenzake. Filme iliingiza zaidi ya milioni 500 kwa dunia yote, na albamu ziliuzwa kwa mamilioni.

Na kuko jambo la tatu, lenye watu hawaoni. Ukitaka kupitisha matangazo kwa televizyo, unalipa kila sekunde. Lakini klipu haihesabiwe kama matangazo. Inahesabiwa kama muziki. Televizyo MTV ilianza Marekani tarehe 1 mwezi wa 8, 1981, na chakula chake kilikuwa klipu zenye kampani za muziki zilikuwa zinaileteya. Televizyo inapata kitu cha kuonyesha, kampani ya muziki inapata kusikika, na kama ndani ya klipu kuko filme, filme nayo inapata zaidi ya dakika tano za matangazo, na watu wanaomba hata irudiliwe. Nani amekwisha kuomba matangazo ya sabuni yarudiliwe?

Hatusemi hiyo ni mubaya. Wale walikuwa watu wakubwa, kila mumoja alijua anauza nini, na kila mumoja alitia sinyature yake kwa karatasi. Angalia mufano wa pili, AC/DC na wimbo Big Gun, mu 1993. Tena ni Schwarzenegger, juu ya filme Last Action Hero. Kwa klipu ile amevaa kama Angus Young, mupiga gitari wa AC/DC: kaputula ya shule, koti, kepi, na gitari mukononi. Mutu mwenye kifua kama kamyo, amevaa kaputula ya mutoto wa primere! Kwa sale ya video watu walianguka chini juu ya kucheka.

Lakini filme ile haikutembea muzuri Marekani. Ilitoka juma moja tu nyuma ya Jurassic Park, na watu walikimbilia kwa wale wanyama. Sasa, orkestre ilipoteza? Hapana. Wimbo ulipanda mpaka nafasi ya kwanza kwa orodha ya rock ya Marekani. Filme ilianguka, wimbo ukabaki umesimama. Muone vile: kufunga mizigo kwa kamba moja haiseme kama mizigo ni ya mutu mumoja. Kila mumoja alikuwa na kontra yake, mali yake, jina lake. Hiyo njo tunaita kazi yenye kupangwa.

Mufano wa tatu njo unatuhusu zaidi, juu unazungumuzia watu wa kutoboa udongo. Mu 1998 Touchstone, nyumba ya Disney, ilitoa filme Armageddon. Jiwe kubwa linatoka mbinguni, linakuja kupiga dunia. Wakubwa wa NASA wako na mashine zote, wako na wasomi wote, lakini hakuna mwenye anajua kutoboa. Basi wanakwenda kutafuta Harry Stamper, yule Bruce Willis, mutu wa kutoboa visima vya petrole, pamoja na timu yake. Watapanda juu ya lile jiwe, watatoboa futi 800, watatia bomu ndani. Wandugu wa foraje, munajua kama ile filme iko na mambo mengi ya uongo. Mashine inakwama, wanaipiga, inatembea. Hata hivyo tuliipenda, juu mara moja tu kwa sinema, mwenye anaokoa dunia ni mutu mwenye mikono michafu.

Sasa musikilize jambo lenye wengi wamesahau. Mbele ya kukubali ile kazi, timu ya Stamper inaandika liste. Ndiyo, liste ya maombi, sawa ile yetu ya sendika! Kila mumoja anasema anataka nini. Stamper anaisoma mbele ya wakubwa, moja kwa moja, na ya mwisho ni hii: hakuna mumoja kati yao mwenye anataka kulipa kodi tena siku zote za maisha yake. Watu wanacheka pale. Sisi hatuone kama ni ya kucheka tu. Watumikaji wenye wanajua kama kazi yao inahitajiwa, wameikaa pamoja, wameandika, wamesoma kwa sauti, mbele ya kushuka kwa shimo. Hiyo njo mwanzo wa kazi ya sendika.

Wimbo wa filme ile ni I Don't Want to Miss a Thing, wa orkestre Aerosmith. Uliandikwa na Diane Warren, haukuandikwa na orkestre yenyewe. Binti wa muimbaji Steven Tyler, yule Liv Tyler, alicheza ndani ya filme kama binti wa Stamper. Kwa klipu, baba anaimba, na binti analia mbele ya ekra. Filme na jamaa ya kweli vinachanganyika, mutu hajue tena kama analia juu ya nani. Mu mwezi wa 9, 1998, wimbo uliingia moja kwa moja kwa nafasi ya kwanza Marekani na kukaa pale majuma 4. Aerosmith walikuwa wanaimba tangu myaka ya 1970, lakini hawakufika pale hata siku moja. Na Armageddon iliingiza mali kupita filme zote za mwaka ule kwa dunia.

Sisi tunauliza: ndani ya ile klipu kuko nini ya filme? Kuko moto, kuko mashine ya kwenda mbinguni, kuko machozi ya binti. Na ile liste? Liste haimo. Klipu imechagua kile chenye kinauza, na maombi ya watumikaji hayauze. Hatukasirikie Aerosmith, walitafutiwa wimbo wa mapendo, wameimba mapendo. Lakini hapa njo tunataka kila mutu wa kampi afungue macho: klipu yenye inauza vitu viwili inaonyesha mikono ya mutumikaji, haionyeshe karatasi yenye iko ndani ya mikono ile.

Kuko wenye watasema: hiyo ni mambo ya wazungu, rock haiko yetu. Tunakataa. Vukeni mupaka tu. Kwa Zambia, myaka ya 1970, vijana wa Copperbelt walipiga rock yao wenyewe, yenye leo inaitwa Zamrock. Orkestre WITCH ilitokea Kitwe, muji wa shaba sawa miji yetu. Na Jagari Chanda, muimbaji wake, kisha ile muziki kuanguka, alikwenda kuchimba mawe ya bei. Aliimba, kisha akashika sululu. Rock inajulikana kwa watu wa shaba.

Na mambo ya wimbo kuuza kitu kingine, hiyo kwetu ni ya zamani kupita televizyo. Mwenda wa Bayeke, mutoto wa Bunkeya, mwenye gitari yake ilifundisha Afrika nzima, alikwenda Nairobi mu 1959 na akaimbia dawa ya kichwa, Aspro. Na wanamuziki wa Kinshasa wametupatia ile neno libanga. Kwa Lingala ni jiwe. Mutu mwenye franga analipa, muimbaji anatupa jina lake ndani ya wimbo: ametupa jiwe. Muone mambo: sisi tunavunja mawe mwaka muzima, hatulipwe muzuri, mwingine anatupa jiwe moja kwa mudomo, analipwa siku ile ile. Lakini ukweli useme: yule muimbaji anajua bei ya jiwe lake. Sisi hatujui bei ya sura yetu.

Tunajua majibu yenye tutapata. Kwanza: “Muimbaji ni mutoto wetu, mumuache akule.” Hatumukatalie. Akule, tena ashibe. Baba yake alitumika pamoja na sisi. Vita yetu haiko naye. Kama angekuja kutuuliza, tungemufundisha hata namna ya kushika sululu, juu ile siku aliishika kama gitari. Ya pili: “Klipu inaleta jina kwa muji.” Ni kweli, jina lilikuja. Watoto wetu waliona baba zao kwa telefone, wakapiga makelele ya furaha, na sisi pia tulisikia muzuri kwa roho. Tusidanganyane juu ya ile. Lakini Schwarzenegger naye alisikia muzuri kwa roho, tena alilipwa.

Ya tatu njo nguvu zaidi: “Mulikuwa kwa saa za kazi, mulilipwa siku yenu.” Hapa tunajibu hivi. Tuliandikiwa kazi ya karieri. Hatukuandikiwa kazi ya kuuza. Kutoboa ni kazi moja, kucheka mbele ya kamera ili kampani ionekane muzuri ni kazi ingine. Hata kule kwenye filme za Marekani, wale wa kusimama nyuma, wenye hawasemi hata neno, walikuwa na sendika yao tangu 1946, Screen Extras Guild. Ilipofungwa mu 1992, sendika ya wachezaji wakubwa, Screen Actors Guild, iliwachukua. Mutu wa kusimama nyuma ni mutumikaji. Wao walielewa zamani.

Na tuseme kile chenye kinatuuma. Majuma matatu kisha ile siku ya klipu, mwenzetu mumoja aliumia mukono wa kuume. Vidole viwili vilikwenda. Hatusemi gante mpya ingeviokoa; hatuko waganga, na hatuko majuji. Tunasema tu kama siku ile alikuwa amevaa gante ya zamani, yenye kupasuka. Klipu ingali inapita. Ukiangalia muzuri, unamuona upande wa kushoto, sekunde tatu hivi, ameinua mikono yote miwili, na gante mpya inangaa kwa jua. Bibi yake alituomba kama tunaweza kusimamisha ile klipu. Hatukuwa na jibu, juu hakuna karatasi hata moja yenye tulitia sinyature. Mutu mwenye hakukubali kwa karatasi, anakatala kwa karatasi gani?

Basi, kama timu ya Stamper, tumeandika liste yetu. Iko fupi, na hatukuomba kuacha kulipa kodi.

Ya kwanza: mbele kamera haijaingia kwa karieri ao kwa fonderi, delege wa sendika ajulishwe, na aelezwe klipu inauza nini: wimbo, kampani, ao vyote viwili.

Ya pili: kila mutu mwenye sura yake itaonekana atie sinyature, kwa luga yenye anasikia. Mwenye hataki, arudi kwa kazi yake bila kusumbuliwa.

Ya tatu: ile siku ilipwe kama kazi ingine, juu ya mushahara. Kama muimbaji iko na kontra, na mwenye kamera iko na kontra, sisi wa nyuma tuwe nayo pia.

Ya ine: vifaa vya kujikinga vyenye tunavaa kwa klipu vibaki kwetu. Tena hapa hatuombe zawadi. Code du travail ya 2002 imekwisha kumuambia mwenye kazi alinde afya na usalama wa watumikaji wake. Kaske haiko nguo ya kucheza sinema.

Ya tano: kama mutu ameumia ao amekufa, jamaa yake iwe na haki ya kuomba sura yake iondolewe.

Tutaleta hiyo liste kwa mazungumuzo yenye yanakuja. Tunaomba wa mama wa kampi waisome pamoja na watoto. Musiwakataze watoto kuangalia klipu. Hata sisi tulikomalia ndani yake. Muwafundishe tu kuuliza maulizo matatu wakati inapita: inauza nini? Nani amelipwa? Na nani amesimama nyuma?

Wandugu, siku kamera itarudi, na itarudi, musikimbie na musipige makelele. Muwaache wapange vitu vyao, muwasalimie muzuri, mumupe muimbaji maji. Halafu, mbele ya kuinua mikono, muombe karatasi.